Uandishi wa Maelezo ya Matumizi: Mfano wa Grafu ya Prosesa kwenye Kompyuta

Mada hii ni sehemu ya utungaji usio wa kisanaa. Mtahiniwa umekwisha kuzoea barua, hotuba, risala na tangazo. Maelezo ya matumizi nayo yana muundo wake na lugha yake, lakini wanafunzi wengi huyaandika kama insha ya kawaida: utangulizi mrefu, sifa nyingi, hatua chache. Soma mada hii ukiwa na kalamu mkononi.

Baada ya kuisoma utaweza:
(a) Kueleza maana na sifa za maelezo ya matumizi.
(b) Kuchagua istilahi inayomfaa msomaji na kutaja njia iliyotumika kuiunda.
(c) Kutumia viambishi hu-, -ki- na -sipo- pamoja na hali ya amri kwa usahihi.
(d) Kuandika maelezo kamili ya matumizi ya programu au kifaa.

1. MAANA

Maelezo ya matumizi ni maandishi yanayomfundisha msomaji jinsi kifaa au programu inavyofanya kazi na jinsi ya kuitumia. Tangazo humvuta mtu anunue kitu. Insha ya hoja humshawishi mtu akubali wazo. Maelezo ya matumizi humhudumia mtu ambaye tayari anacho kitu na anataka kukitumia sasa hivi.

Kipimo chake ni kimoja: msomaji aweze kufanya kazi wakati mwandishi hayupo. Akikwama kwenye hatua ya tatu, hana wa kumuuliza. Kila kanuni utakayoisoma hapa chini inatokana na jambo hilo.

2. MAZINGIRA YA MFANO WETU

Fikiria steshenari moja iliyopo Katoro au Kahama. Ina kompyuta mbili kuukuu zinazotumia mfumo endeshi wa Linux wenye eneokazi la Xfce. Xfce ilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996. Hupendwa kwenye kompyuta zenye uwezo mdogo kwa sababu haihitaji kumbukumbu kubwa.

Ni siku ya mwisho ya kubadili tahasusi kwa njia ya mtandao na vijana wamepanga foleni hadi barazani. Kompyuta inakuwa nzito ghafla. Mhudumu anadhani imeganda, anabonyeza kitufe cha kuzima, na fomu iliyojazwa kwa nusu saa inapotea. Kumbe kwenye kona ya skrini kulikuwa na grafu ndogo inayopanda na kushuka. Grafu hiyo ingemwambia kwamba kompyuta ilikuwa na kazi nyingi na ingemaliza baada ya muda mfupi. Mhudumu aliiona kila siku, lakini hakuna aliyewahi kumweleza ni ya nini.

Karatasi moja iliyoandikwa vizuri na kubandikwa ukutani ingetosha. Karatasi hiyo ndiyo tutakayoiandika.

3. ELEWA KITU KABLA YA KUKIELEZA

Huwezi kueleza usichokielewa. Kabla ya kuandika, jiulize maswali matatu: Kitu hiki kinafanya nini? Kinafanyaje? Hakifanyi nini?

Kinafanya nini? Prosesa ni sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri za programu zote. Grafu ya prosesa huonyesha ni asilimia ngapi ya muda wa prosesa inatumika kufanya kazi. Ikiwa 0%, prosesa imepumzika. Ikiwa 100%, haina nafasi ya kupumzika hata kidogo.

Kinafanyaje? Linux huhesabu muda ambao prosesa imefanya kazi na muda ambao imepumzika tangu kompyuta ilipowashwa. Kwa kawaida huhesabu kwa vipande vya muda, vipande 100 kwa sekunde. Programu ya grafu husoma hesabu hizo, husubiri kidogo, kisha husoma tena na kutafuta tofauti. Tazama mfano wa prosesa yenye kiini kimoja:

Kusoma kwa kwanza: jumla 40,000, mapumziko 30,000.
Baada ya sekunde moja: jumla 40,100, mapumziko 30,025.
Tofauti ya jumla: 100. Tofauti ya mapumziko: 25.
Muda wa kazi: 100 − 25 = 75. Matumizi ni 75%.

Kwa hiyo kila mstari wa grafu unaeleza kipindi kifupi kilichopita, si siku nzima.

Hakifanyi nini? Grafu hii haipimi kumbukumbu ya kompyuta, haipimi diski, wala haipimi kasi ya intaneti. Swali hili la tatu wanafunzi wengi hulisahau, ingawa jibu lake ndilo linalomzuia msomaji asitafute tatizo mahali ambapo halipo.

4. KUCHAGUA ISTILAHI

Wapo wanaosema Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya kompyuta. Mtahiniwa wa ukanda wa dhahabu una jibu karibu nawe. Wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga hawakusubiri kamusi ili wapate majina ya kazi yao. Mashine ya kusaga mawe wanaiita karasha. Neno hilo limetoholewa kutoka Kiingereza. Shimo la kuchimbia wanaliita duara. Hapo maana ya neno la kawaida imepanuliwa. Mwalo, ambao kwa wavuvi wa Ziwa Victoria ni mahali pa kuegesha mitumbwi, kwa wachimbaji ni mahali pa kuoshea udongo wenye dhahabu. Hiyo ni rejesta ya wachimbaji, na kila aliye kazini huielewa.

Lugha ya kompyuta imeundwa kwa njia hizohizo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Watafsiri wake walihitaji neno la Kiswahili kwa kila menyu na kila kitufe. Maneno utakayoyatumia katika maelezo yetu yameundwa hivi:

(a) Kutohoa: prosesa, grafu, paneli, programu, kompyuta.
(b) Kuambisha: kichakataji, kutokana na kitenzi chakata (ki-chakat-a-ji).
(c) Kuambatanisha: eneokazi (eneo + kazi), programu jalizi (programu + jalizi, kutokana na jaliza).
(d) Kupanua maana: kiini, yaani sehemu ya prosesa inayoweza kutekeleza kazi peke yake, kipanya, yaani kifaa cha kusogezea mshale kwenye skrini.

Angalia neno kiini. Katika insha, kiini ni sehemu ya katikati inayobeba hoja. Katika yai ni sehemu ya njano. Katika prosesa ni kitu kingine kabisa. Ukitumia neno lenye utata kama hili, lieleze mara ya kwanza linapotokea.

Kanuni za istilahi ni tatu:

Kwanza, chagua neno ambalo msomaji wako analitumia. Prosesa na kichakataji yote ni sahihi. Mhudumu wa steshenari amezoea zaidi kusikia prosesa, kwa hiyo tumia hilo. Vivyo hivyo, kwa msomaji wa Tanzania andika kompyuta, ingawa Kenya utakutana pia na tarakilishi.

Pili, ukishachagua neno, lishikilie hadi mwisho. Katika shairi, kubadilisha maneno ni ufundi. Katika maelezo ya matumizi, ukiandika prosesa, kisha kichakataji, kisha ubongo wa kompyuta, msomaji atadhani unataja vitu vitatu.

Tatu, jina lililoandikwa kwenye skrini linakiliwe kama lilivyo, ndani ya alama za mtajo, hata kama ni la Kiingereza. Ukilitafsiri, msomaji atalitafuta kwenye skrini asilione.

5. SARUFI YA MAELEZO

(a) Hali ya amri hutumika katika hatua. Mfano: Bofya paneli. Chagua rangi. Usizime kompyuta.
(b) Kiambishi hu- cha mazoea hutumika kueleza kile ambacho kitu hufanya wakati wote. Mfano: Grafu hupanda kazi inapoongezeka. Kumbuka kwamba hu- haiambatani na kiambishi cha nafsi: tunasema grafu hupanda, si grafu inahupanda.
(c) Kiambishi -ki- cha masharti hutumika pale ambapo tendo moja linategemea jingine. Mfano: Ukibofya grafu, orodha hufunguka.
(d) Kiambishi -sipo- ni kikanushi cha masharti. Mfano: Usipoiona grafu, rudia hatua ya 1.
(e) Kiambishi -ta- hutumika kumweleza msomaji atakachokiona baada ya hatua. Mfano: Grafu ndogo itaonekana kwenye paneli.

Epuka kauli ya kutendwa katika hatua. Paneli inatakiwa kubofywa ni sentensi sahihi kisarufi, lakini haimwambii msomaji kwamba ni yeye anayetakiwa kubofya.

6. MUUNDO

(i) Kichwa: kitaje kitu chenyewe.
(ii) Utangulizi: kitu ni nini na maelezo ni ya nani. Sentensi mbili au tatu zinatosha.
(iii) Hatua za kukiweka au kukiandaa: zipewe namba. Hatua moja, tendo moja au mawili yanayofuatana.
(iv) Namna ya kukitumia au kukisoma.
(v) Matatizo na utatuzi wake.
(vi) Tahadhari na mipaka ya kitu hicho.

7. MFANO KAMILI

MAELEZO YA MATUMIZI YA GRAFU YA PROSESA

Grafu ya prosesa ni programu jalizi inayokaa kwenye paneli, yaani ule ukanda wenye saa na vitufe vya programu. Huonyesha asilimia ya muda wa prosesa inayotumika. Maelezo haya ni kwa ajili ya mhudumu wa kompyuta zenye eneokazi la Xfce.

Kuiweka kwenye paneli

1. Bofya sehemu tupu ya paneli kwa kitufe cha kulia cha kipanya.
2. Chagua "Panel", kisha "Add New Items". Orodha itafunguka.
3. Tafuta "CPU Graph" kwenye orodha. Usipoiona, programu jalizi hii haipo kwenye kompyuta. Mwombe fundi aiweke, kisha rudia hatua ya 1.
4. Bofya "Add", kisha "Close". Grafu ndogo itaonekana kwenye paneli.

Kuisoma

Grafu hupanda prosesa inapofanya kazi nyingi na hushuka inapopumzika. Kipimo kipya huonekana upande wa kulia, na vipimo vya zamani husogea kushoto. Ukitaka kujua asilimia ya wakati huo, weka mshale wa kipanya juu ya grafu bila kubofya.

Ukiona hivi, fanya hivi

Grafu iko juu kwa sekunde chache: Hii ni kawaida programu inapofunguka. Subiri.

Grafu iko juu kwa dakika kadhaa: Bofya grafu mara moja kwa kitufe cha kushoto. Orodha ya programu zinazofanya kazi itafunguka, ikiwa kompyuta ina programu ya kuonyesha orodha hiyo. Tazama ni ipi inayotumia asilimia kubwa. Ikiwa ni programu usiyoihitaji, hifadhi kazi yako, kisha ifunge.

Grafu iko chini lakini kompyuta ni nzito: Tatizo si prosesa. Funga kurasa za intaneti usizozitumia ili upunguze mzigo wa kumbukumbu, kisha kagua kama mtandao unapatikana.

Skrini imeganda: Weka mshale juu ya grafu na utazame asilimia kwa muda. Namba ikiendelea kubadilika, kompyuta ingali inafanya kazi. Subiri. Mshale usiposogea na grafu isipobadilika kwa dakika kadhaa, mwite fundi.

Kubadili mipangilio

Bofya grafu kwa kitufe cha kulia na uchague "Properties". Hapo unaweza kubadili upana wa grafu, rangi zake na muda kati ya kipimo kimoja na kingine. Kwenye kompyuta yenye uwezo mdogo, chagua muda mrefu zaidi, kwa sababu kupima mara nyingi nako hutumia nguvu ya prosesa.

Tahadhari

Grafu hii haipimi kumbukumbu, diski wala kasi ya intaneti. Prosesa ikiwa na viini vinne, yaani sehemu nne zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, programu moja inayotumia kiini kimoja chote itaonekana kama 25% tu. Kwa hiyo 25% si lazima iwe na maana kwamba kompyuta imepumzika. Usizime kompyuta kwa kitufe kabla ya kuangalia grafu.

8. UCHAMBUZI WA MFANO

Tazama mambo yafuatayo kabla ya kuandika jibu lako mwenyewe.

Utangulizi unaeleza paneli ni nini kwa maneno ambayo mhudumu anaweza kuyahakiki kwa macho: ukanda wenye saa na vitufe. Ufafanuzi wa namna hii unafaa kuliko ufafanuzi wa kamusi.

Hatua ya 3 ina -sipo-. Mwandishi ameona mapema mahali ambapo msomaji anaweza kukwama na ameweka njia ya kutokea. Maelezo yasiyo na sharti lolote yameandikwa kwa kudhani kwamba kila kitu kitakwenda sawa.

Hatua ya 4 inaishia na kile kitakachoonekana. Hivyo msomaji anajua kama amefaulu.

Katika utatuzi wa matatizo, msomaji anaambiwa ahifadhi kazi kabla ya kufunga programu. Mpangilio huo una maana. Ukiandika "ifunge, lakini kwanza hifadhi kazi", yupo atakayeifunga kabla hajaimaliza sentensi. Jambo la kwanza kufanywa liwe la kwanza kuandikwa.

9. MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa: Programu hii ni nzuri sana na ya kisasa.
Sababu: Ni lugha ya tangazo. Msomaji tayari anayo programu.

Kosa: Fungua mipangilio baada ya kuwa umekwisha kuiweka grafu.
Sahihi: Weka grafu. Kisha fungua mipangilio.

Kosa: Ikisumbua, rekebisha.
Sahihi: Grafu isipoonekana, rudia hatua ya 1 hadi ya 4.

Kosa: Bofyeni paneli, kisha uchague rangi.
Sababu: Nafsi imebadilika kutoka wingi kwenda umoja. Chagua nafsi moja.

Kosa: Grafu inapanda na huwa inashuka.
Sahihi: Grafu hupanda na hushuka.

10. KUJIPIMA

Swali la 1. Taja njia iliyotumika kuunda kila neno: (a) karasha (b) kichakataji (c) eneokazi (d) duara (e) grafu.

Swali la 2. Andika upya sentensi hizi ziwe hatua sahihi: "Kipanya kinatakiwa kuwekwa juu ya grafu. Kabla ya hapo kompyuta inapaswa iwe imewashwa."

Swali la 3. Mteja analalamika kwamba ukurasa wa intaneti haufunguki. Grafu ya prosesa inaonyesha 4%. Kwa kutumia maelezo ya sehemu ya 7, eleza mhudumu afanye nini na kwa nini.

Swali la 4. Jirani yako amenunua mizani ya kidijitali ya kupimia dhahabu. Mwandikie maelezo ya matumizi yasiyopungua maneno 200. Zingatia muundo wote wa sehemu ya 6.

Mwongozo wa majibu

Jibu la 1. (a) Kutohoa (b) Kuambisha (c) Kuambatanisha (d) Kupanua maana (e) Kutohoa.

Jibu la 2. 1. Washa kompyuta. 2. Weka mshale wa kipanya juu ya grafu. Angalia kwamba mpangilio umegeuzwa na kauli ya kutendwa imekuwa amri. Pia kinachowekwa juu ya grafu ni mshale. Kipanya chenyewe kinabaki mezani.

Jibu la 3. Mhudumu akague kama mtandao unapatikana na afunge kurasa zisizotumika. Sababu ni kwamba 4% inaonyesha prosesa haijazidiwa, na grafu haipimi mtandao wala kumbukumbu. Asizime kompyuta.

Jibu la 4. Jibu lako litaje mahali pa kuweka mizani (sehemu tambarare isiyo na upepo), kuirudisha kwenye sifuri kabla ya kupima, kusoma namba na kizio chake, na la kufanya namba isipotulia. Tahadhari itaje uzito wa juu ambao mizani inaweza kupima, kama ulivyoandikwa kwenye mizani yenyewe. Ukimaliza, mpe mwenzako ambaye hajawahi kuitumia mizani hiyo asome hatua moja baada ya nyingine, nawe ukae kimya. Kila mahali atakapogeuka kukuuliza swali, pawekee alama. Hapo ndipo pa kuandika upya.